Kupanga Joto la Mitamba na Kupandisha kwa Saa: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Dar es Salaam

Ukifuga Chanika, Pugu, Goba, Madale au kule Kibada, Kigamboni, shida yako kubwa ya uzazi si mbegu. Mbegu zipo. Shida ni kwamba hakuna anayeliona joto, yaani ule muda ambao ng'ombe yuko tayari kupandwa. Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, yuko peke yake bandani, hana mwenzake wa kumpanda wala wa kupandwa naye. Mwenye mali kaondoka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, atarudi usiku. Kijana wa kazi yuko bondeni anakata majani. Na joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 hivi, kwa chotara mwenye damu nyingi ya kienyeji hata chini ya hapo, tena mara nyingi huanza usiku. Asubuhi unakuta ute umekauka mkiani, unapiga simu, mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mbegu za mrija, yuko Mbezi kwenye foleni. Anafika yai limeshapita. Unasubiri siku 21 nyingine huku machicha ya bia unanunua kila wiki.

Kupanga joto kwa homoni kunageuza utaratibu huo. Hatumsubiri mtamba atangaze. Tunampangia sisi, kisha anapandishwa kwa saa iliyowekwa, awe ameonyesha dalili au hajaonyesha. Nimeifanya kazi hii pembezoni mwa jiji kwa miaka kadhaa, na nikiulizwa huwa inaharibikia wapi, nasema: mara chache ni dawa. Mara nyingi ni saa, au ni mtamba ambaye hakupaswa kuingizwa kwenye ratiba tangu mwanzo.

Dawa zinafanya nini mwilini

Usiruke sehemu hii, maana ndiyo itakayokusaidia siku ratiba ikiyumba.

Mzunguko wa mtamba ni siku 21 kwa wastani, kati ya 18 na 24. Kwenye ovari, vifuko vya mayai (folikoli) hukua kwa mawimbi mawili au matatu katika kila mzunguko. Kifuko kilichopasuka na kutoa yai huacha kinundu cha manjano, ambacho wataalamu hukiita kopasi luteamu. Kinundu hicho hutoa projesteroni, na maadamu projesteroni iko juu, hakuna joto. Inapokaribia siku ya 17, kizazi kisipopata habari ya mimba hutoa prostaglandini, kinundu kinasinyaa, projesteroni inashuka, na siku chache baadaye mtamba anapata joto.

Sisi tunaiga hayo hayo kwa dawa tatu. GnRH hupasua kifuko kikubwa kilichopo, ili wimbi jipya lianze na wanyama wote wawe hatua moja. Prostaglandini hukisinyaza kinundu. Kifaa cha ukeni chenye projesteroni, maarufu kwa jina la CIDR, hufanya kazi ya breki: maadamu kiko ndani, joto halitoki.

Breki hiyo ina maana zaidi kwa mtamba kuliko kwa ng'ombe aliyekwisha kuzaa. Ratiba ya Ovsynch, ambayo ni sindano tupu bila kifaa, ilitangazwa Wisconsin, Marekani, mwaka 1995 kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, na kwao inafaa. Kwa mitamba inasumbua, kwa sababu wengi wao hawaitikii sindano ya kwanza ya GnRH, na baadhi hupata joto katikati ya ratiba kabla ya siku yao. Kwa hiyo mtu akikuambia atampangia mtamba wako joto kwa Ovsynch tupu ili kupunguza gharama, mwambie asante.

Jingine la kukumbuka ni kwamba prostaglandini haina nguvu juu ya kinundu chenye umri wa chini ya siku tano. Hapo ndipo penye siri ya wale mitamba "wanaogoma" baada ya sindano moja. Hawajagoma, sindano imewakuta mapema.

Nani aingie kwenye ratiba

Homoni hazimkomazi mtamba. Tazama uzito kabla ya umri: awe amefikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito atakaokuwa nao akiwa ng'ombe mzima. Kama mama yake chotara ana kilo 400, huyu awe na kilo 240 hadi 260. Mizani hatuna wengi, lakini mkanda wa kupima kifua unatosha; pima asubuhi kabla hajala. Kwa mwili, asikonde mpaka mbavu zihesabike ukiwa mlangoni, wala asinenepe mpaka shina la mkia lizame kwenye mafuta. Kwa kipimo cha 1 hadi 5 namtaka kwenye 3.

Kisha daktari wa mifugo ampime kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa. Anatafuta mambo matatu. La kwanza, kizazi kilichokomaa: kikiwa chembamba kama kalamu na ovari ndogo kama punje za harage, bado hajakomaa, huyo arudi kulishwa miezi miwili mitatu. La pili, kasoro za kuzaliwa. Uliza kama alizaliwa pacha na dume, maana mitamba wa namna hiyo zaidi ya tisa kati ya kumi ni tasa, na muuzaji mnadani hatakuambia. La tatu ni mimba.

Hili la tatu nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimchoma prostaglandini mtamba wa mama mmoja mtaani kwetu. Nilimuuliza, "Mama, huyu hajawahi kukutana na dume?" Akaniapia. Sikuingiza mkono, nilikuwa na haraka. Siku ya tatu akanipigia: mtamba katupa ndama mdogo asiye na manyoya, mimba ya miezi mitatu na zaidi. Kumbe fahali wa jirani aliwahi kuvunja uzio, na mama hakuambiwa na kijana wake. Prostaglandini hutoa mimba, ndiyo kazi yake. Tangu siku hiyo siamini kiapo cha mtu, naamini glovu. Na kwa kuwa mimba changa ya chini ya siku 35 mkono hauioni vizuri, mtamba aliyechanganyika na madume hivi karibuni namtenga kwanza, nampima tena baada ya wiki sita.

Lishe ianze wiki sita kabla. Majani ya kutosha, pumba na mashudu kwa kiasi, jiwe la chumvi lenye madini, na maji muda wote. Machicha ni mazuri ila hayana kalsiamu ya kutosha, usimlishe hayo peke yake. Dawa ya minyoo na kuogesha kupe vifanyike mapema, si wiki ile ile ya ratiba. Kwa ukanda wetu wa Pwani usisahau ndorobo. Mtamba mwenye upungufu wa damu hatashika mimba hata umchome nini. Kama kundi lako lina historia ya kutupa mimba, pima ugonjwa wa brusela kwanza.

Chagua miezi, kisha chagua saa

Joto la hali ya hewa na unyevu wa Dar kati ya Desemba na Machi huua mimba changa kimyakimya. Mimi hupenda Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Hesabu yake inakaa vizuri pia: mimba ni siku 280 hivi, kwa hiyo aliyepandishwa 9 Julai atazaa karibu na 15 Aprili, masika, majani yamejaa mpaka kwenye mitaro. Tope la masika ni balaa kwa chuchu za aliyezaa, hilo nalikubali. Weka sakafu ya zege na mifereji kabla. Lakini kati ya tope na njaa, nachagua tope.

Ratiba ninayoitumia ni ya siku saba na kifaa. Siku 0: GnRH na kuweka kifaa. Siku 7: kutoa kifaa na kuchoma prostaglandini. Saa 54 baada ya hapo, ukikosea usizidi saa mbili mbele au nyuma: kupandisha, pamoja na GnRH ya pili. Kwa ng'ombe waliozaa husubiriwa saa 60 hadi 66, lakini mitamba huwahi, ndiyo maana tunawapandisha mapema. Usichanganye hesabu hizi mbili hata kama wote wako banda moja.

Sasa piga hesabu ya saa 54: ni siku mbili na saa sita. Ukitoa kifaa Jumatatu saa 12 asubuhi, utapandisha Jumatano saa 6 mchana, jua la utosi, mtamba anahema kama mbio za magunia. Ukikitoa saa 6 mchana, utapandisha saa 12 jioni, na upana wako ni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Hiyo ndiyo ninayoichagua. Beba taa ya kichwani, maana giza linaingia mapema na umeme hauna adabu.

Lakini saa 12 jioni ndiyo saa ya foleni. Mhimilishaji anayetoka mjini kwenda Chanika kwa barabara ya Gongo la Mboto asipange kufika saa 12. Apange kufika saa 9, anywe chai kwako. Kwa Kigamboni, usiweke mimba yako rehani kwa kivuko cha Magogoni. Zungukia darajani Kurasini. Niliwahi kukaa kwenye foleni ya kivuko nikiangalia saa inavyoyoyoma, mtungi wa mbegu miguuni, mitamba watano wananisubiri ng'ambo. Niliwapandisha kwenye saa ya 60. Walioshika ni wawili.

Majirani wakijiunga, gharama ya safari inagawanyika. Ila fuata mpangilio huu: andika nani alitolewa kifaa saa ngapi, na umpandishe kwa mpangilio ule ule. Nyumba ya kwanza kutolewa ndiyo ya kwanza kupandishwa. Kila mtamba mmoja mpe dakika 15 hadi 20, ukijumlisha na mwendo kati ya banda na banda.

Siku 0

Dawa hizi ni za daktari wa mifugo. Nunua kwenye duka lenye kibali, angalia usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi, na uzisafirishe kwenye kisanduku cha baridi, si kwenye droo ya gari lililoegeshwa juani. Wajawazito na wenye pumu wasishike prostaglandini kabisa. Inapenya kwenye ngozi, na ikimwagika mkononi osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi. Wengine wote vaeni glovu.

Mfunge mtamba kwenye kizuizi imara cha mbao. Kelele na fimbo vibaki nje. Osha uke wa nje kwa maji na dawa ya kuua vijidudu, kausha kwa karatasi safi, maana uchafu ukiingia na kifaa utautoa ukiwa usaha. Kifaa kina umbo la herufi T. Kunja mabawa yake ndani ya kisukumio, paka kilainishi, ingiza kwa kupandisha juu kidogo kisha mbele mpaka ugote, sukuma, toa kisukumio taratibu. Mabawa yatafunguka yenyewe na uzi utabaki ukining'inia chini ya mkia. Kama wapo wawili bandani, kata uzi mpaka ubaki vidole viwili vitatu, la sivyo mwenzake atautafuna na kukivuta kifaa chote. Nimekiokota kifaa kwenye hori la chakula zaidi ya mara moja.

Kisha choma GnRH kwenye msuli wa shingo: gonadorelini maikrogramu 100 au buserelini maikrogramu 10. Ujazo wa mililita soma kwenye chupa, kampuni hazifanani. Sindano mpya kwa kila mnyama.

Siku ya 1 hadi ya 6 kazi yako ni moja, kuangalia kila asubuhi kama uzi upo. Kikidondoka siku ya pili kirudishe kikiwa kimeoshwa. Ukikuta kimedondoka siku ya tano na hujui kilidondoka lini, mtoe mtamba huyo kwenye ratiba ya saa, mwangalie kwa macho.

Siku 7

Shika uzi, vuta chini kwa mkono mtulivu. Kitatoka na ute mweupe mzito, wakati mwingine wenye ukungu, na harufu isiyopendeza. Usishtuke, ni kawaida na utasafika wenyewe kufikia siku ya kupandisha. Usaha wenye damu na harufu ya kuoza, hapo mwite daktari. Dakika hiyo hiyo choma prostaglandini: dinoprosti miligramu 25 au kloprostenoli maikrogramu 500, msulini. Andika saa ukutani kwa mkaa kama daftari liko mbali. Kifaa kilichotumika usikifue ukakiweka tena kwa mwingine, hata kama muuzaji anasema kinarudiwa.

Ukipaka rangi ya chaki juu ya shina la mkia na unao wawili wanaoweza kukutana, rangi ikifutika utajua nani kapandwa. Atakayesimama akipandwa mapema sana, sema jioni ya siku inayofuata, usimngojee hadi saa 54. Mpandishe zikipita saa 12 tangu umwone, na huyo hahitaji GnRH ya pili.

Saa ya kupandisha

Mbegu zinakaa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kabla ya kutoka nyumbani chovya kijiti cha mbao kwenye mtungi, kitoe, kipunge hewani; barafu nyeupe itakuonyesha kina kilichobaki. Kwenye bodaboda mtungi usimame wima na ufungwe. Ndani ya gari, fungua vioo: naitrojeni ikivuja hufukuza hewa, na dereva husinzia bila kujua kwa nini.

Unyanyue mrija wa mbegu kwa koleo, kichwa cha kikombe kinachobeba mirija kisipande juu ya shingo ya mtungi zaidi ya sekunde nane. Hapa Dar nimeona watu wakiyeyusha mbegu mfukoni mwa shati kwa hoja kwamba "joto lipo". Hapana. Tumia chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, na kipimajoto ndani yake. Chovya kwa sekunde 30 hadi 45. Kausha mrija mpaka usiwe na tone, kwa sababu tone moja la maji likigusa mbegu linaziua. Kata ncha iliyobanwa, kata wima si mshazari. Livishe bomba la kupandishia ala yake, lifiche ndani ya nguo kifuani lisipigwe na upepo wa feni, na uyeyushe mrija mmoja tu kwa mnyama aliye mbele yako. Kuanzia kuyeyusha hadi kumaliza zisizidi dakika 10.

Mlango wa kizazi wa mtamba ni mwembamba na pete zake zimebana. Mkono ndani uushike na kuuleta kwenye bomba, si bomba kuusukuma. Ukivuka pete ya mwisho utahisi umeingia uwazi. Simama hapo hapo, kwenye mwili wa kizazi, hesabu polepole hadi tano ukisukuma. Kwenda mbele zaidi ni kuchubua. Ukiona damu kwenye ncha, ulilazimisha. Kisha GnRH ya pili shingoni, mfungue apumzike kivulini.

Kuhusu dume: kwa uzao wa kwanza chagua mbegu ya dume linalojulikana kwa kuzalisha ndama wanaotoka kirahisi. Jersey kwa mtamba mdogo wa Pwani ni chaguo langu la kila siku. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River, Arusha, kina orodha za madume, iombe, isome. Mbegu za kutoa majike tupu hutoa jike tisa katika kumi, lakini hushika mimba kwa uchache kuliko za kawaida, kwa hiyo usijifunzie kupandisha kwa saa na mbegu hizo.

Ukikosa pesa ya kifaa

Ipo njia ya prostaglandini peke yake: sindano mbili zinazopishana siku 14, kisha unaangalia joto kwa siku tano na kumpandisha aliyeonekana zikipita saa 12 tangu umwone. Ni nafuu, ila inadai macho, na ndiyo yale yale tuliyoyakosa. Tena inawafaa wale tu ambao mizunguko yao imeanza. Kwa mzee mstaafu anayeshinda nyumbani naishauri bila wasiwasi. Kwa mtu wa ofisini Posta, hapana.

Baada ya hapo

Usimsafirishe wala usimbadilishie chakula ghafla kuanzia siku ya 5 hadi wiki ya sita baada ya kupandishwa. Ukitaka kumhamishia shambani Mkuranga, mhamishe ndani ya siku nne za kwanza au subiri. Siku ya 18 hadi 24 mwombe kijana aangalie joto asubuhi na jioni. Atakayerudi, mpandishe kwa joto hilo la asili. Ndipo utakapomsikia mwenye mtamba: "Dokta, mbona umenila hela?" Mwambie mapema, kabla ya sindano ya kwanza, kwamba hata kwenye mashamba yanayotunzwa vizuri wanaoshika kwa awamu moja ni nusu hivi, sita katika kumi ikiwa bahati na lishe vimekubali.

Pima mimba kwa mkono kuanzia siku ya 45 hadi 60, au kwa altrasaundi kuanzia siku ya 30 kama daktari wako anayo. Kutorudia joto si ushahidi wa mimba. Ni ushahidi kwamba hakuna aliyeona. Asiye na mimba anaweza kuanza tena Siku 0 ile ile unapompima. Aliyekosa mara tatu na uzito anao, mtafutie daktari wa kumchunguza kizazi, na kama naye haoni kitu, machinjio ya Vingunguti hayako mbali.